Mlamiji Alivyokufa Mchana

Mnyama wa Mwantumu alikuwa mzuri. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mwanamke huyu ataonekana vibaya mbele ya safari, na haki yake apewe. Kwenye kioo kikubwa cha Karakana ya Ngano, kule Lushoto wanakoumba wanyama wa michezo ya kompyuta, Mlamiji, dubwana la hadithi za utotoni, alisimama wima kupita mikaratusi, magamba yamepangika moja baada ya jingine, na mgongoni amebeba miji yote aliyoimeza: mapaa, minara, moshi wa majiko. Alikuwa ametoka kichwani mwa Mwantumu asubuhi hiyo hiyo. Wachoraji wakapiga makofi, naye akainamisha kichwa kidogo, kama anavyopaswa mchoraji mkuu akisifiwa na watu aliowafundisha kazi mwenyewe.

Kisha wakamweka wa mdogo wake.

Mnyama wa Zena hakusimama. Alijilaza ubavu, amewapa watu mgongo, anajikuna. Magamba yake yalikwenda ovyo, mengine yameota ukungu. Alipohisi kutazamwa aligeuza shingo taratibu, kama mtu aliyeitwa katikati ya usingizi, akawaangalia mmoja mmoja. Akahema. Katika mji mmoja mgongoni mwake, mwanamke mdogo kuliko punje ya mchele alitoka mbio akaanua nguo, kwa sababu upepo ulikuwa umebadilika.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa wachoraji alikuwa na andazi mdomoni akasahau kulitafuna.

"Kitendawili," alisema mnyama.

Mwantumu aligeuka kumtafuta aliyesema. Sauti ile ilikuwa ya bibi yao, marehemu, Mungu amrehemu. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo mwanzoni, na mkwaruzo wa mtu aliyepuliza kuni mbichi maisha yake yote.

"Tega," Zena alijibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mashine, kofia ya nyaya kichwani, amefumba macho na kutabasamu.

"Nyumba yangu haina mlango."

Jibu ni yai, na hakuna mtoto wa Usambara asiyelijua. Zena alisema hajui.

"Basi nipe mji, mboni yangu," alisema mnyama, na ndani ya ile sauti mlikuwa na kicheko.

Mboni yangu. Mwantumu alimwogesha bibi huyo mwaka mzima wa ugonjwa wake, akamlisha uji kwa kijiko, akamkata kucha. Hakuwahi kuitwa mboni. Aliitwa Mwantumu. Wivu wake ulianza hapo, mbele ya watu, huku akitabasamu. Wapo watakaosema ulianza zamani zaidi, na huenda hawajakosea.

Miaka hiyo michezo ya kompyuta ilikuwa imewachosha wachezaji. Mashine za kuchora zilikuwa zimelishwa picha za mashine nyingine, nazo hizo zimelishwa za nyingine, mpaka kila joka duniani likafanana na joka la jirani na kila shujaa akawa na kidevu kilekile. Ndipo wataalamu walipogundua kwamba mnyama aliyeumbwa na mtoto gizani, akisikiliza hadithi bila picha yoyote mbele yake, hafanani na mwingine yeyote. Watu waliolelewa kwa hadithi za masikio walikuwa wachache sasa, wakaanza kutafutwa kama wachimbaji wanavyotafuta tanzaniti. Karakana ilijengwa Lushoto kwa sababu ya baridi, maana seva hupenda baridi kuliko watu. Mashine yenyewe wafanyakazi waliiita Chekeche. Unavaa kofia, unakumbuka, na unachokumbuka kinaonekana kiooni.

Zena aliletwa kwa ajili ya vipimo tu. Ukitaka kujua kipi kimetoka kwenye hadithi na kipi kimetoka kwa msikiaji, unahitaji wasikiaji wawili wa hadithi ileile. Mwantumu ndiye aliyempendekeza. Alisema ana mdogo wake anayeendesha saluni Soni, hatasumbua mtu, tena hatakuwa na kitu kikubwa, kwani tangu utotoni hadithi zilimkuta amelala.

*

"Tunamvuna wa Zena," alisema Mhandisi Shekigenda, mkuu wa karakana, walipobaki wawili ofisini kwake. "Leo, baada ya chakula cha mchana."

"Wangu ana magamba kamili," alisema Mwantumu.

"Hata nyoka wa plastiki ana magamba kamili. Samahani, Mwantumu. Lakini wewe umeona. Wako tunamtazama. Wa mdogo wako anatutazama sisi."

Mwantumu aliyameza hayo. Akauliza kama Zena ameelezwa maana ya kuvuna.

"Nimemwambia kumbukumbu inafifia kidogo."

Kidogo. Kuchungulia, kama walivyofanya asubuhi, hakumdhuru mtu. Kuvuna ni jambo jingine. Ili mnyama aweze kuishi mwenyewe ndani ya mchezo, Chekeche humpitia katika kila njia ya ubongo iliyomshika, mara maelfu na maelfu, mpaka kila uzi ujulikane unakoanzia na unakoishia. Uzi unaopitiwa hivyo huchakaa, kama kanga inayofuliwa juu ya jiwe kila siku. Mwishowe mnyama yuko kwenye seva, na kichwani mwa mwenyewe pamebaki kitambaa cheupe.

Mwantumu alijua, maana alikwisha kuvunwa. Mchezo wa kwanza wa karakana ulijengwa juu ya Bi Kisima wake, mwanamke wa majini mwenye nywele za magugu, ambaye watoto mpaka leo wanamvaa kwenye fulana. Mwantumu alizitazama fulana zile kama mtu anavyotazama tangazo la sabuni. Bi Kisima alipoondoka hakuondoka peke yake. Alibeba harufu ya jiko la bibi, alibeba joto la mkeka waliokalia wakisikiliza, na alibeba sauti, hata asubuhi ile Mwantumu aliitambua kwa kile kikohozi tu, alichokisikia mwaka mzima wa ugonjwa. Maneno ya hadithi zote Mwantumu alibaki nayo, neno kwa neno, lakini hayakuwa tena na aliyeyasema. Hakumwambia mtu. Mchoraji mkuu hakiri kwamba ana tundu kichwani.

"Halafu," Shekigenda aliendelea, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende baada ya sindano, "mlezi wa mnyama utakuwa wewe. Zena atarudi Soni kwenye saluni yake. Wewe utakaa na Mlamiji kila siku, utazungumza naye, utamfundisha. Wanyama hawa hujifunza haraka."

Mwantumu alielewa zaidi ya alivyoelezwa. Kila asubuhi angefungua mlango na kusikia: kitendawili. Ile sauti ingekuwa yake, na kwa Zena isingekuwepo kabisa. Na kwa kuwa wanyama hujifunza haraka, siku moja ingemwita yeye mboni. Aliitaka siku hiyo. Aliitaka kwa uchu ambao hata kwa chakula hakuwahi kuwa nao, na hakujionea haya mpaka alipofika kwenye ngazi.

Kwenye ngazi akaona upande wa pili. Akimwambia Zena ukweli, Zena atakataa, na mchezo utamchukua Mlamiji mwenye magamba kamili, na jina la Mwantumu juu yake. Akinyamaza anapata bibi. Akisema anapata mchezo. Shetani alikuwa amemwandalia sahani mbili, zote zimejaa, na hakuna hata moja ambayo mtu mwema angeweza kuila kwa raha.

*

Zena alikuwa mgahawani, anamenya peasi kwa kisu cha meza na kuwachekesha wapishi.

"Dada, umeona alivyojikuna?" alisema. "Mimi mwenyewe sikujua kama ninaye hivyo."

"Ulikuwa unalala," Mwantumu alisema, akavuta kiti.

"Si nilikuwa nalala. Bibi akifika pale Mlamiji anapobisha hodi mji wa mwisho, mimi huyo, chali. Asubuhi naona aibu kuuliza. Basi naendelea naye mwenyewe ndotoni. Mpaka leo, dada. Nipo nasuka mtu nywele, namsikia bibi sauti yake ile ile, ananitegea vitendawili. Namnyima majibu makusudi ili asiondoke."

"Kwa hiyo mwisho huujui."

"Siujui. Na usiniambie mchana, tutaota mikia." Akacheka. Ndivyo walivyotishwa utotoni: anayesimulia hadithi jua likiwa juu huota mkia.

Mwantumu aliacha chai yake ipoe. Sasa alijua kwa nini mnyama wa Zena alikuwa hai kuliko wake. Yeye, mtoto mwenye adabu, aliyekaa macho mpaka neno la mwisho, alimwona Mlamiji akifa kila jioni ya utoto wake. Mnyama aliyekufa mara zote hizo amezoea kusimama kama picha. Kichwani mwa Zena hakufa hata mara moja. Alikuwa amejilaza mlangoni mwa mji wa mwisho, anasubiri kufunguliwa. Kumbe mtoto mvivu ndiye aliyepewa mnyama, na bibi juu yake. Jambo hilo lilimchoma Mwantumu kuliko lile la mboni.

Hata hivyo alisema. Apewe na hilo.

"Zena, wakivuna hutamsikia bibi tena."

"Bwana Shekigenda kasema inafifia kidogo."

"Mimi wamenivuna. Sauti ya bibi sinayo. Hata nikiitafuta, sinayo."

Zena aliweka kisu chini. Uso wake ulikuwa wa huruma kwa muda mfupi, kisha ukawa wa mtu anayepiga hesabu. "Wamekuvuna tangu lini? Tangu Bi Kisima. Tumekutana idi ngapi hapo katikati, hukusema. Unasema leo, baada ya kumwona wangu."

"Nasema kwa sababu ni kweli."

"Kweli inaweza kuwa kweli na bado ikasemwa kwa wivu. Nilipopata chumba cha saluni ulisema paa litavuja."

"Lilivuja."

"Lilivuja, dada. Lakini ulifurahi."

Na ni kweli, Mwantumu alifurahi.

"Wivu ni kidonda," alisema Zena, akaiacha nusu ya pili ya methali kwa mkubwa wake aimalizie mwenyewe. Akafuta mikono. "Mimi maisha yangu yote nashika vichwa vya watu. Leo kichwa changu kimependwa. Wanangu watamwona mnyama wa mama yao. Niache nivunwe, dada, kama wewe ulivyoachwa."

*

Chumba cha kuvunia kilikuwa kidogo na cha baridi, kimefunikwa mazulia ukutani ili kelele zisiingie. Zena alikaa kitini, kofia imefungwa kidevuni. Nyuma ya dirisha Shekigenda alikuwa ameinamia mitambo yake. Kwenye kioo cha mashine Mlamiji alijilaza mlangoni mwa mji wa mwisho, ananusa chini ya lango.

Mwantumu aliruhusiwa kukaa karibu ili mdogo wake atulie. Akafunga mlango. Hakuwa amepanga, au labda alipanga tangu mgahawani na hakutaka kujiambia.

"Mlamiji akabisha hodi mji wa mwisho," alisema.

Zena akafumbua macho. "Dada, usifanye hivyo."

"Akasema, Kitendawili. Ndani alikuwamo binti mmoja tu, wengine wote wamekimbia. Binti akasema, Kila siku unatega wewe, leo nitatega mimi."

Zena angeweza kuziba masikio. Mikono yake ilikuwa huru. Lakini alikuwa mtoto wa jiko lile, na mtoto wa jiko lile akisimuliwa huitikia, hata akiwa na usingizi, hata akiwa na hasira.

"Enhe," alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Binti akatega: Ni chako, lakini wenzako wanakitumia kuliko wewe. Mlamiji akafikiri mpaka jua likazama. Jibu ni jina. Lakini yeye angelijuaje? Watu wote waliowahi kumwita alikuwa amewameza. Akasema, Sijui. Binti akasema, Basi nipe mji."

"Enhe."

"Mlamiji akatapika mji mmoja. Binti akautazama, akasema, Hautoshi, nipe mwingine. Akatapika mwingine. Hautoshi, nipe mwingine."

Kiooni mnyama alikuwa ameinuka. Miji ilimtoka mmoja mmoja, na kila mmoja ulipotoka taa zake ziliwaka chini, juu ya majani. Yule mwanamke mdogo alishuka kutoka mgongoni, furushi la nguo mikononi, akatembea kwenda kwao bila kugeuka. Shekigenda alikuwa anagonga dirisha kwa vidole, kisha kwa kiganja. Mwantumu hakugeuka. Alisimulia vizuri kuliko alivyowahi kuchora, na moyoni mwake mlikuwa na huruma na furaha mbaya, zimechanganyika kama maziwa na chai, hata yeye asingeweza kuzitenganisha.

"Mji wa mwisho ulipomtoka, ngozi ikaanguka kama gunia tupu. Watu wakaikunja, wakaezekea zizi. Na hadithi yangu imefika nyumbani, haina pengine pa kwenda."

"Enhe," alisema Zena, kwa sauti ya kunong'ona.

Mlango ukafunguliwa. Mwantumu, bila kujijua, alijipapasa kiunoni. Hapakuwa na mkia.

Shekigenda alimpita kama anavyopita kiti, akamwinamia Zena, akamwomba kwa upole amkumbuke mnyama akiwa amejilaza, anajikuna, kabla ya haya yote. Zena alijaribu. Alifumba macho kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka. Kiooni ilionekana ngozi juu ya paa la zizi. Akajaribu tena, na mnyama akainuka kidogo, akatapika mji, akaanguka.

Mhandisi alizima mitambo mmoja baada ya mwingine. Akamfungua Zena kofia mwenyewe.

"Tutamtumia wa kwako," alimwambia Mwantumu bila kumtazama. "Wachezaji watapenda yale magamba." Akatoka, akauacha mlango wazi.

*

Zena alikusanya vitu vyake polepole. Alifunga viatu, akatafuta mkoba, akaupata ulipokuwa. Mwantumu alisimama katikati ya chumba akiwa na swali moja tu, na aliogopa kuliuliza kuliko alivyoogopa chochote siku ile.

"Bibi yupo?"

Zena alitega sikio, kama mtu anayesikiliza kama maji yanachemka jikoni.

"Yupo," alisema. "Anaanza vizuri, na kikohozi chake. Ananiita kama zamani. Ila akifika mji wa mwisho ananyamaza. Halafu unaingia wewe."

"Itapungua."

"Haitapungua, dada. Wewe unajua kusimulia." Alisema bila ubaya, na ndiyo maana iliuma. Mwantumu alitaka kumweleza kwamba amembakishia bibi, kwamba jioni hii angekuwa anarudi Soni na kitambaa cheupe kichwani, asijue hata amepoteza nini. Yote hayo yalikuwa kweli. Alitaka pia kupita chumba cha pili, ambako wachoraji walikuwa tayari wanamrudisha Mlamiji wake kiooni, kwani aliwasikia. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Zena alifika mlangoni akasimama.

"Kitendawili," alisema.

Mwantumu alishtuka, lakini naye alikuwa mtoto wa jiko lile. "Tega."

"Dada kaniokoa, dada kaniibia. Ni dada yupi?"

Katika utoto wao Mwantumu alimnyang'anya Zena mkoa mzima wa Tanga, mji kwa mji, na yeye hakuwahi kutoa hata kijiji. Alijulikana kwa hilo. Sasa alitafuta jibu kwa uaminifu, akaligeuza huku na huku. Kila alipomkuta dada mmoja, yule wa pili alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa nguo zilezile.

"Sijui," alisema.

"Basi nipe mji."

"Chukua Lushoto."

Zena alijitanda mtandio, akautazama uso wa mkubwa wake kwa makini, kama anavyotazama kichwa cha mteja kabla ya kuanza kukisuka.

"Hautoshi," alisema. "Nipe mwingine."

"Korogwe."

"Hautoshi."

Akampa Muheza, akampa Handeni, akampa Pangani na bahari yake. Akampa Tanga yenyewe. Chumba cha pili watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na Zena alikuwa bado mlangoni, mkoba begani, anasubiri mji.